Kozi zipi za Python ziingie kwenye orodha yetu, na nani wa kuamua?

#1 Mtunza Orodha
Wakuu habari za jioni. Ile orodha yetu ya kozi za Python, lugha ya kuandikia programu, na Django, ile ya kujengea tovuti kwa Python, ilianza na masomo machache tu ya bure, sasa hivi imekuwa ndefu mpaka mgeni akiifungua anachoka kabla hajabonyeza kitu. Kila wiki kuna meseji, mkuu naomba uniwekee na kozi yangu. Wengine nawafahamu, wengine hata sura siwajui. Tumekubaliana ipunguzwe ila tumeshindwana kipi kibaki. Mmoja anataka za bure tu, mwingine anasema yoyote ilimradi ni Python, mwingine hataki kuona kozi isiyo na cheti.

Halafu kuna kitu kinanichanganya. Za bure nimeziweka juu kabisa, lakini linki zinazobonyezwa sana ni zile za chini, za kulipia. Kwanini? Karibuni mtoe maoni, kesho kutwa nataka nianze kufuta.

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi nafasi. Wajuzi shukeni.

#3 Mama Seva
Mtunza, kabla ya bure au kulipia angalia tarehe. Kwenye orodha yako kuna kozi mwalimu bado anaandika print bila mabano. Hiyo ni Python 2, iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, haihitaji kikao, futa leo leo.

Django ndo balaa zaidi maana toleo jipya linatoka kila baada ya miezi 8 hivi. Kuna kozi pale inafundisha url() kwenye faili la njia za tovuti, na url() iliondolewa kwenye Django 4.0, Desemba 2021. Mtoto anasakinisha Django ya leo, anafuata video neno kwa neno, anakula kosa jekundu kwenye import, anajiona hana akili, anaacha. Nimewaona wengi wa hivyo. Kila kozi iandikwe inafundisha toleo gani, isiyojulikana toleo isiingie.

#4 Mkorofi wa Mbagala
Mama Seva unakuza mambo. Anayejua kusoma ujumbe wa kosa atagugo dakika mbili anaendelea.

#5 Mama Seva
@Mkorofi anayejua kusoma ujumbe wa kosa haihitaji orodha yenu.

#6 Siti ya Mbele
Hahahaha kaliwa kichwa mtu.

#7 Kijana wa Buza
Mi najibu lile swali la kwanini watu wanakimbilia za kulipia. Jibu ni CHETI, tusizunguke. Nimesoma ile CS50P ya Harvard, Python ya profesa Malan, nikamaliza mpaka mradi wa mwisho, nikaenda kwenye usaili HR anauliza cheti kiko wapi, sina, maana cha Harvard lazima ulipie dola. Jamaa aliyekaa pembeni yangu kasoma mtaani, ana karatasi ina mhuri na picha amevaa joho. Nani kaitwa tena? Sio mimi.

#8 Msomaji Kimya
@Kijana wa Buza rekebisha hapo mkuu. CS50P ukimaliza mazoezi yote na mradi unapata cheti cha CS50 wenyewe bure kabisa. Kinacholipiwa ni kile cha edX, tovuti ya kozi za vyuo, kilichothibitishwa utambulisho wako. Ingia kwenye akaunti yako uangalie, kipo kinakusubiri. Wale wa freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza programu, nao vyeti vyao ni bure, na Chuo Kikuu cha Helsinki kozi yao ya Python ni bure pia.

#9 Kijana wa Buza
Duh. Ngoja nikicheki. Ila HR mwenyewe hajui CS50 ni nini, anajua mhuri.

#10 Mwl. Kitunda
Nafundisha chuo, niwape nilichokiona. Sio cheti, ni kubanwa. Mtu akitoa laki tatu yake hawezi kulala, mke atamuuliza, baba atamuuliza. Cha bure hakina wa kukuuliza. Wanafunzi wangu nikiwapa linki ya kozi ya bure wanaanza wote kwa mbwembwe, likizo ikiisha hakuna anayekumbuka neno la siri la akaunti.

Vigezo vyangu: muweke zile zilizosajiliwa. Tanzania ipo NACTVET inayosajili vyuo vya ufundi, Kenya wana TVETA. Aliyesajiliwa ana ofisi, ana mtaala, akikudhulumu unajua pa kwenda.

#11 Mama Seva
Mwalimu heshima yako, ila kwa kigezo hicho Helsinki, Harvard na freeCodeCamp zote nje. Usajili unakwambia chuo kipo, haukwambii kama somo la Django wanalofundisha ni la mwaka gani.

#12 Mwl. Kitunda
Kwa za nje tuweke kifungu maalumu.

#13 Mkorofi wa Mbagala
Yaani mzungu asisajiliwe, Mtanzania asajiliwe. Safi sana.

#14 Mtu wa Thika
Niaje wakuu, salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu shida si usajili, ni ahadi. Kila bango la kozi linasema asilimia 90 ya wahitimu wamepata kazi. Nani alihesabu? Kazi gani? Kuna mmoja alihesabiwa ameajiriwa kwa sababu alibakishwa pale pale kusaidia kufundisha darasa lililofuata.

Na msidhani ni tabia ya huku peke yake. Marekani kulikuwa na Lambda School, baadaye ikabadilisha jina ikawa BloomTech. Watu walikuwa wanasoma halafu wanakatwa sehemu ya mshahara wakishapata kazi. Aprili 2024 CFPB, lile shirika la serikali yao linalolinda watumiaji wa huduma za fedha, liliwabana. Walikuwa wanatangaza wanaopata kazi ni kati ya asilimia 71 na 86, kumbe hesabu zao za ndani ni kama 50, na kuna wakati zilishuka hadi 30. Na ule mpango wao wa malipo waliouita si mkopo, CFPB ikasema ni mkopo.

Kwa hivyo kigezo changu ni kimoja. Kozi ikitaja asilimia ya ajira bila kuonyesha ilivyohesabiwa, isiingie, hata kama mwalimu ni binamu ya Mtunza.

#15 Siti ya Mbele
Mtunza taja mabinamu zako mapema.

#16 Mwalimu wa Jumamosi
Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema, ninafundisha Python kila Jumamosi na ninatoza. Sijawahi kuahidi mtu kazi. Lakini mnaongea kama vile kulipisha ni wizi. Ukumbi nakodi, intaneti nalipa, umeme ukikatika mafuta ya jenereta nanunua mimi. Mkisema bure tu mnawapa nafasi wanaolipwa na wafadhili au vyuo vya Ulaya, sisi wa mtaani tukafie wapi?

Pendekezo langu, tuchangie. Nimesoma QGIS, wale wa programu ya ramani, wana utaratibu wao, taasisi zilizokubaliwa zinatoa vyeti na kwa kila cheti mradi unapata euro 20. Kundi linapata hela ya seva, mwalimu anapata heshima, mwanafunzi anapata cheti kinachoeleweka. Kwanini tusifanye hivyo?

#17 Msomaji Kimya
QGIS wanaweza kwa sababu jina ni lao. Sisi Python sio yetu, jina linamilikiwa na Python Software Foundation (PSF), la Django ni la Django Software Foundation. Kufundisha Python na kusema unafundisha Python ruksa kabisa, ila kutoa cheti kinachoonekana kama kimetoka kwa wenye Python hapo unajitafutia barua ya mwanasheria.

#18 Kijana wa Buza
Si kuna PCAP? Kile ndo cheti rasmi cha Python.

#19 Msomaji Kimya
Kinatolewa na Python Institute, iko chini ya OpenEDG. PSF haihusiki, wao hawatoi cheti cha mtu kujua Python. Hata PostgreSQL, ile ya database, mradi wenyewe hautoi, vyeti mnavyoviona ni vya makampuni. Sijasema ni vibaya, nasema neno "rasmi" tulitumie kwa uangalifu kwenye orodha, maana pale wapo wanne wamejiita rasmi.

#20 Fundi Chanika
Mwalimu wa Jumamosi salama? Ile rekodi ya darasa la kuunganisha database ulisema utaituma kesho, nipo nasubiri tangu kabla ya ramadhani.

#21 Mwalimu wa Jumamosi
@Fundi njoo inboksi.

#22 Fundi Chanika
Inboksi ndo ulinijibu kesho.

#23 Mwana wa Bukavu
Salamu wote. Miye niko Bukavu, huku tunasomaka Kifaransa, orodha yenu ni Kiingereza kutoka juu mpaka chini. Tovuti ya OpenClassrooms iko na kozi za Python za Kifaransa, kuzisoma ni bure, muongeze basi.

Ila nilitaka kusema kuhusu mega. Mnaita kozi ni ya bure, mnasahau saa moja ya video inakula mamia ya MB. Ukipiga hesabu ya bando la kozi nzima unakuta umelipa. Sisi tunashukuru vitu vya kusoma. Maelezo ya Python yenyewe kwenye docs.python.org unaweza kushusha yote mara moja ukasoma bila mtandao. Kwa hiyo kila kozi muandike, hii ni video, hii ni maandishi, hii inafunguka bila intaneti. Mtu ajue kabla.

#24 Mkorofi wa Mbagala
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nimekubaliana na mtu. Na hii inajibu swali la Mtunza. Wanaolipia darasa la mtaani hawalipii Python, wanalipia WiFi, feni na umeme wa uhakika. Nina rafiki yangu alilipa ada ya miezi mitatu, darasani anafungua kozi ya bure ya freeCodeCamp anasoma zake, mwalimu akipita anabadilisha dirisha.

#25 Mwl. Kitunda
Huyo rafiki atakuwa wewe.

#26 Mkorofi wa Mbagala
Sina maoni.

#27 Mie wa Ng'ambo
Nyote mwazunguka, mie naona ni lugha. Mtoto wa skuli hapa Unguja Kiingereza anacho cha kujibia mtihani, hichi cha kumsikiliza profesa wa Marekani anaongea mbio hana. Akenda darasa la kulipa, mwalimu anamwambia kwa Kiswahili, hii variable ni kama chupa umeibandika jina, leo umetia maji kesho watia asali, jina ni lile lile. Kaelewa. Hapo hata akitozwa atatoa.

Sasa nambieni, kwenye orodha nzima kozi ya Kiswahili iko ngapi? Mie sijaiona.

#28 Mama Seva
Zipo za YouTube, ila nyingi zinaishia kwenye for loop, mwanzo mwanzo tu. Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu mwenye chaneli kapata kazi, kimya.

#29 Rehema_py
Naomba niongee kidogo maana naona hapa wengi ni wanaume mnabishana kuhusu vyeti.

Mimi nilianzia Django Girls. Kwa asiyejua, ilianza Berlin 2014 wakati wa mkutano wa EuroPython, dada wawili wa Kipolandi waliandaa siku moja ya wanawake kujenga tovuti kwa mara ya kwanza, bure, na mfano wao ukaenea nchi nyingi, huku kwetu pia. Sio kozi kwa maana ya kozi, ni siku moja. Lakini mimi kilichonifanya nibaki kwenye hii kazi ni kwamba nilikaa meza moja na mtu wa kuniongoza ambaye nikimuuliza swali la kijinga hacheki. Kabla ya hapo nilijaribu darasa la kulipia, nikawa mwanamke peke yangu, nikiuliza kitu jamaa wanageuka kuniangalia. Niliacha hela yangu pale.

Kwa hiyo kwa upande wangu sio cheti, sio bando, sio lugha. Na kwenye orodha mmeweka kozi tu, hamna sehemu ya warsha. Ile hati ya mafunzo ya Django Girls ipo kwa maandishi, haili bando, na leseni ni CC BY-SA, mtu yeyote anaruhusiwa kuitafsiri na kuisambaza ilimradi awataje wenyewe na aiache kwa leseni hiyo hiyo. @Mie wa Ng'ambo ukitaka ya Kiswahili mlango upo wazi, njoo tutafsiri.

#30 Mie wa Ng'ambo
N'nakuja inshaallah. Ila kusahihisha tahajia ntasahihisha mie, nyie wa bara mtatuandikia "uki-click".

#31 Siti ya Mbele
Vita ya bara na visiwani imefunguliwa rasmi.

#32 Jicho la Tai
Samahanini nawakatisha. Kuna mtu ameangalia linki ya tatu ya Udemy, lile soko la kozi mtandaoni, kwenye orodha? Mwishoni ina msimbo wa rufaa. Yaani ukinunua kupitia pale kuna mtu anakula kamisheni. Mtunza Orodha tunaomba maelezo kabla hatujaenda mbele na mambo ya vigezo.

#33 Mkorofi wa Mbagala
Nasogeza kiti.

#34 Mtunza Orodha
Linki hiyo aliiweka aliyekuwa anasimamia ukurasa kabla yangu, historia ipo GitHub, kule tunakohifadhi kodi na orodha, kila mtu anaweza kuangalia nani kaweka nini. Nimeitoa sasa hivi na nimekuta nyingine mbili za aina hiyo, nazo zimetoka.

#35 Jicho la Tai
Sawa. Ila wewe mwenyewe ulisema za kulipia zinabonyezwa sana. Mtu mwenye kamisheni si ana sababu ya kuzipigia debe linki hizo kwenye magrupu ya WhatsApp? Inawezekana swali lako lote la #1 jibu lake ni hilo.

#36 Fundi Chanika
Au wanaobonyeza ni wenye kozi wenyewe wanaangalia kama tangazo bado lipo.

#37 Mtu wa Thika
Fundi umeniua. Lakini nimefungua huo ukurasa kwa simu sasa hivi, hebu na nyinyi mfungue. Za bure ni mistari ya bluu midogo. Za kulipia zina picha, zina tarehe ya kuanza, zina namba ya simu ya mtu. Hata mimi ningebonyeza yenye picha. Kabla ya kutafuta saikolojia ya Mwafrika wekeni picha kwenye za bure mwezi mmoja mwone.

#38 Mwl. Kitunda
Picha haimkalishi mtu darasani miezi mitatu. Kubonyeza ni kitu kimoja, kumaliza ni kingine.

#39 Yusto Mgeni
Wakuu habari, mimi mgeni, nina laptopu ya RAM 4GB inatosha kusoma Python?

#40 Mama Seva
Inatosha na chenji inabaki. Hata simu ya Android na app ya Pydroid 3 unaanza leo. Karibu, ila maswali ya vifaa yana uzi wake.

#41 Msomaji Kimya
Turudi kwenye mada. Naona tuna mambo mawili tumeyachanganya. Ubao wa matangazo kila mtu anabandika na msomaji anajilinda mwenyewe. Orodha ya mapendekezo ni kundi linasema hii tumeiona inafaa. Ukurasa wetu umeandikwa juu "kozi tunazopendekeza" ila unaendeshwa kama ubao. Watu wanaouziwa mbuzi kwenye gunia wanatulaumu sisi, na wana haki.

Mimi napendekeza kozi ya kulipia isiingie mpaka wanachama wawili walioimaliza waandike hapa hapa kwenye jukwaa, kwa akaunti zao, walijifunza nini na walilipa ngapi. Na kila kozi ikae mwaka mmoja, baada ya hapo inatoka yenyewe mpaka mtu aikague tena. Vyeti vya LPIC vya Linux vyenyewe vina muda, miaka 5 unatakiwa uhuishe, sembuse linki.

#42 Mwalimu wa Jumamosi
Wawili waliomaliza watatoka wapi kama kozi ni mpya na haipo kwenye orodha? Mnafunga mlango halafu mnauliza kwanini hatuingii. Na mnajuaje hao wawili sio wapwa zangu?

#43 Jicho la Tai
Hapo kwa wapwa umetoboa siri mwenyewe.

#44 Rehema_py
Ana hoja lakini. Kozi mpya ipewe ubao, sehemu tofauti, iandikwe waziwazi hatujaikagua. Ila swali langu, nani atakagua kila mwaka? Sisi tunajitolea. Tarehe ya kukagua ikifika kila mtu atakuwa na dedilaini.

#45 Mkorofi wa Mbagala
Ndo maana nasema orodha iwe ya kozi tano tu, zote za bure, tuache unafiki. Tano unaweza kuzikagua hata ukiwa kwenye daladala.

#46 Kijana wa Buza
Na sisi tunaotafuta kazi? Tano za bure HR hazijui. Mnapanga orodha ya watu ambao tayari wana ajira.

#47 Mama Seva
Kijana, mimi nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili. Nafungua GitHub ya mtu nione kodi zake kabla sijafungua bahasha ya vyeti.

#48 Kijana wa Buza
Mama, wewe huwezi kufika kwangu bila HR kunipitisha kwanza. Bahasha ndo inafika kwa HR.

#49 Mtunza Orodha
Asanteni, nimefanya haya mpaka sasa. Za Python 2 na zile za url() nimezitoa. Linki za kamisheni hakuna tena. Nimeongeza OpenClassrooms na sehemu ya warsha, na kila kozi nimeanza kuandika toleo, lugha, na kama ni video au maandishi. Waliojiita rasmi nimefuta neno hilo. Waliotaja asilimia za ajira nimewaandikia waonyeshe hesabu, hakuna aliyejibu bado. Za kulipia nyingine zimebaki kama zilivyo, hapo bado hatujaelewana. Picha nitaweka kwenye za bure kuanzia wiki ijayo, Mtu wa Thika usije ukanikimbia.

#50 Mwalimu wa Jumamosi
Kwangu umeandika "video" wakati nafundisha ana kwa ana.

#51 Fundi Chanika
Ni kweli video hana.

#52 Yusto Mgeni
Hiyo ya Helsinki Kiingereza chake ni kigumu? Na inataka nisakinishe nini?

#53 Msomaji Kimya
Ni maandishi, Kiingereza cha kawaida, unasoma kwa kasi yako. Sehemu za mwanzo unafanya mazoezi kwenye kivinjari, ukifika sehemu ya nne ndo unasakinisha VS Code, programu ya kuandikia kodi. RAM yako itaitosha, funga Chrome tu.